Wenye gesi wanatunga sheria ya mkaa

KIJANA unayesoma ukurasa huu umesimama kwenye meza ya magazeti, tunajua hupiki. Asubuhi umekunywa chai na maandazi kwa mama ntilie, mchana utakula wali maharage hapo hapo kwa mkopo, na usiku, kama siku imekwenda vizuri, utapitia chipsi mayai. Hukuwasha jiko hata mara moja, lakini mkaa umeutumia mara tatu. Kwa hiyo usije ukadhani tahariri ya leo inawahusu mama na dada zako peke yao.

Mkaa huo haukuota Tandale. Umekuja usiku. Alfajiri ya saa kumi, wewe ukiwa umelala, vijana wa rika lako wanakanyaga baiskeli kutoka Kisarawe na Mkuranga, kila mmoja na magunia mawili au matatu ya lumbesa yaliyofungwa kwa kamba za mpira. Hana taa, na breki ni kisigino cha ndala. Anaogopa vitu viwili: lori linalokuja nyuma yake na kizuizi kilichoko mbele. Kwenye kizuizi ataulizwa hati ya kusafirishia. Hana. Atatoa alichonacho mfukoni, au ataacha magunia na baiskeli. Baada ya dakika chache litapita lori lenye shehena nzima na karatasi zake, na nani atapanda juu usiku ule kuhesabu kama magunia yaliyomo ndiyo yaliyoandikwa?

Hatumuonei mtu. Benki ya Dunia, ambayo haijawahi kuwa rafiki wa chama chochote cha upinzani, iliandika mwaka 2009 kwamba biashara ya mkaa Tanzania ilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 650 kwa mwaka. Kahawa, ambayo watoto hufundishwa shuleni kwamba ni uti wa mgongo wa uchumi, ilikadiriwa kuchangia dola milioni 60. Chai milioni 45. Ripoti hiyo hiyo ilisema mkaa unawapa kazi watu laki kadhaa, na kwamba Serikali inapoteza karibu dola milioni 100 kila mwaka kwa ushuru usiokusanywa. Kahawa ina bodi. Korosho ina bodi. Tumbaku ina bodi. Mkaa una kizuizi.

Hivi kweli inaingia akilini, zao linaloipita kahawa mara kumi lichukuliwe kama gongo?

Tuanze na mwaka 2006. Mvua zilikuwa zimegoma, maji ya bwawa la Mtera yakashuka, umeme ukawa wa mgao. Serikali ya Awamu ya Nne ilikuwa ndiyo kwanza imeingia madarakani kwa kishindo. Ukame ule ulizaa mambo mawili ya haraka. La kwanza unalikumbuka au umesimuliwa: mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, uliotiwa saini mwaka huo, mitambo ikachelewa kuja, na mwezi Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. La pili limesahaulika kwa sababu halikumng'oa mkubwa yeyote. Ilitangazwa kwamba mkaa ni marufuku, kuchoma ni marufuku na kusafirisha ni marufuku, ili tuokoe misitu na vyanzo vya maji.

Nini kikatokea? Watu wa Dar es Salaam hawakuacha kula. Bei ya gunia ikapaa, kopo la mkaa likapungua ujazo huku bei ikipanda, na waliokuwa na akiba stoo wakachekelea. Marufuku ile haikumaliza hata miezi miwili. Ililegezwa baada ya majuma machache tu. Mti haukupona, ila mlalahoi alilipa. Na wale waliokuwa wakikaa vizuizini walijifunza somo moja kubwa, kwamba tamko la waziri ni mtaji.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, maana nia yake ilikuwa njema. Unalikumbuka neno uchakachuaji? Miaka ile wajanja wa vituo vya mafuta walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, na dizeli. Magari yakafa njiani. Basi katika bajeti ya mwaka 2011/12 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400 na senti 30 kwa lita. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: bei ikilingana na ya dizeli, nani atachanganya? Na ni kweli, uagizaji wa mafuta ya taa ulishuka mno na wachakachuaji wakakosa malighafi.

Lakini mafuta yale ya taa hayakuwa ya wachakachuaji tu. Yalikuwa ya jiko la utambi chini ya kitanda cha mpangaji. Yalikuwa ya kibatari cha mwanafunzi. Mwanachuo aliyekuwa akichemsha chai kwa jiko la mchina akalitupa, akaenda kununua jiko la mkaa. Wizara moja ililinda injini za magari, nyingine ikabaki kulia kwamba misitu inakwisha, na hakuna aliyeziweka meza moja. Kenya nao wakafuata njia ile ile. Mwezi Septemba 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 za kwao kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu hiyo hiyo ya kuzuia uchanganyaji. Nchi mbili, kosa moja, na miaka saba katikati ya kujifunza.

Sasa wewe unaweza kuuliza: kwa nini watu wenye shahada, washauri na semina za Bagamoyo wanakosea jambo ambalo mama ntilie angewaambia bure? Jibu letu ni kwamba sera inatungwa kutoka jikoni kwa mtunzi. Na jikoni kwake kuna mtungi mkubwa wa gesi, jiko la plate nne, jokofu, na dada wa kazi. Hajui kwamba nchi inapika namna nyingine.

Twende pamoja hadi nyumba ya kupanga Mwananyamala au Mbagala. Nyumba ina vyumba sita na korido moja. Kila chumba kina familia, au vijana watatu kama wewe. LUKU ni moja, na umeme unachangiwa kwa kichwa. Mwenye nyumba amekwishasema siku ya kwanza kabisa: hita ni marufuku, jiko la umeme ni marufuku, pasi kwa zamu. Umeme umefika, takwimu za wizara zinaihesabu nyumba hii kuwa imeunganishwa, lakini hakuna anayeruhusiwa kuchemshia maharage. Na maharage yanataka saa mbili, pengine tatu. Hapo ndipo jiko la mkaa linapotolewa uani, linawekwa maharage, na mama anaendelea kufua.

Halafu kuna suala la pesa, na hapa ndipo wakubwa wanapopotea kabisa. Wanatuletea hesabu kwamba gesi ni nafuu kuliko mkaa ukipiga kwa mwezi. Pengine ni kweli. Lakini nani mtaani kwako analipwa kwa mwezi? Kuli wa Kariakoo analipwa jioni. Fundi saidia analipwa jioni. Bodaboda anapeleka hesabu ya bosi kwanza, kinachobaki ndicho chakula. Mtu wa kipato cha siku ananunua vitu vya siku: mafuta ya kula ya kupima, sukari ya kufungwa kwenye kijikaratasi, mkaa wa kopo. Mtungi wa kilo 6 hauuzwi nusu. Siku ukiisha unataka pesa yote kwa mkupuo, na siku hiyo haikuulizi kama mtoto anaumwa au kodi imefika. Mkaa wa elfu moja unakusubiri dukani hata saa nne usiku, na kwa muuza mkaa mnayefahamiana unakopwa. Nani amewahi kukopa gesi kwenye kituo?

Huu si ujinga wa maskini. Ni akili ya mtu anayeishi bila akiba. Benki ya Dunia ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zinazotegemea mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Hiyo ilikuwa miaka ya uchumi kukua, majengo marefu yakiota Posta. Mji ulipotajirika mkaa uliongezeka, kwa sababu waliofurika mjini walikuwa vijana wa kipato cha siku, wakikimbia jembe la mkono. Ukisoma sera za miaka ile utakuta zimeandikwa kana kwamba mkaa ni tabia mbaya ya kijijini itakayoisha yenyewe maendeleo yakija.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi misitu ikatwe. Nenda Pugu na Kazimzumbwi, mwendo mfupi tu kutoka Gongo la Mboto, uone kilichobaki. Watafiti waliopima athari ya jiji letu kwenye misitu ya pwani walikuta kwamba kati ya mwaka 1991 na 2005 mstari wa ukataji wa mkaa ulikuwa ukisogea kutoka Dar es Salaam takriban kilomita 2 kila mwaka. Mkaa uliokuwa ukitoka Kisarawe sasa unatoka Handeni, Kilosa na Rufiji. Na moshi nao unaua. Serikali yenyewe hutaja watu zaidi ya 33,000 kwa mwaka wanaokufa kwa magonjwa yatokanayo na kupikia kuni na mkaa. Mama yako yumo katika hesabu ya walio hatarini. Anayesema mkaa hauna madhara anakudanganya sawa na anayesema utaisha kwa tamko.

Ila tuambiane ukweli wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu vyanzo vya ukataji misitu hapa nchini ulikuta kilimo ndicho kinachoonekana karibu kila mahali msitu ulipotoweka, mkaa ukiwa nyuma sana. Mtu anafyeka shamba la mahindi, miti anaichoma mkaa kwa sababu imekwisha kulala chini. Ukimkamata muuza mkaa hujamgusa anayehitaji shamba. Halafu mwaka 2018, katika maandalizi ya bwawa la umeme la Rufiji, Serikali ilitangaza zabuni ya kukata zaidi ya miti milioni 2.6 ndani ya Pori la Selous. Labda tulihitaji ule umeme, megawati 2,115 si mchezo. Lakini baiskeli ngapi za mkaa zinatosha miti milioni 2.6? Mkubwa akikata ni mradi, mdogo akikata ni uharibifu wa mazingira.

Na marufuku inaweza kuzaa jambo baya kuliko njaa. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Gavana wa Kitui nchini Kenya, Charity Ngilu, alipiga marufuku mkaa kutoka katika kaunti yake. Kitui ni kame, mito imekauka, wananchi wana haki ya kuulinda mti wao. Kwa hilo hatumlaumu. Lakini wasafirishaji walitoka Kiambu, wengi wao Wakikuyu, na wenye miti ni Wakamba. Lori la mkaa likachomwa moto. Limuru watu wakaingia barabarani kulipiza, ugomvi wa magunia ukageuka ugomvi wa makabila. Mwezi Februari mwaka huo huo Serikali ya Nairobi nayo ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, amri iliyodumu hadi mwaka 2023. Sera ya miti iliandikwa na watu waliosahau kwamba kati ya mti na jiko kuna binadamu, na kila mmoja ana kwao.

Je, hakuna aliyefanya vizuri? Yupo, tena hapa hapa, na wala hakutoka Ulaya na suti. Wilayani Kilosa, kuanzia mwaka 2012, vijiji kadhaa vilisaidiwa kupima misitu yao na kuigawa katika vitalu vidogo vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti. Kitalu kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa. Visiki having'olewi, vinachipua, na zamu ya kitalu inarudi baada ya miaka 24. Ushuru unalipwa kijijini. Pesa ile imejenga madarasa na zahanati, na kuna vijiji vilivyolipia wananchi wake bima ya afya. Mchomaji aliyekuwa anakimbia askari wa misitu akawa mwanachama mwenye kitambulisho, naye ndiye anayemfukuza mvamizi, kwa sababu sasa msitu ni wake.

Mbona hili halikuenea nchi nzima? Fikiria mwenyewe. Ushuru ukilipwa kijijini, kizuizi kinakosa kazi.

Sasa tuje kwenye wimbo wa leo, nishati safi. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Siku chache baadaye Rais Samia alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya mapishi safi. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilipewa hadi tarehe 31 Januari 2024 kuacha kuni na mkaa. Lengo tunaliunga mkono, na hatusemi kwa unafiki. Shule na magereza ndipo pa kuanzia kweli, maana wana bajeti, wana mpishi anayelipwa, na sufuria moja inalisha mamia.

Tunachogomba nacho ni kiini macho cha mitungi. Umeona mwenyewe. Mbunge anakuja na gari limejaa mitungi ya kilo 6, mingine imebandikwa picha, kina mama wanapangwa mstari, kamera zinafika, vigelegele. Mtungi wa kwanza ni bure. Wa pili je? Ingia nyumba kumi za waliopewa baada ya miezi mitatu. Utaikuta mitungi mingine imegeuka kigoda, mingine imeuzwa, na jiko la mkaa lipo pale pale uani. Ukigawa mtungi umetatua tatizo la siku ya kupiga picha. Tatizo la siku gesi inapoisha umemwachia mama.

Na dawa ya tatizo hilo ilipatikana, tena na watu wa hapa. Kampuni changa ya Dar es Salaam ilitengeneza mita ya kufunga kwenye mtungi, mpishi akalipia gesi kwa simu kidogo kidogo, hata ya chai tu, kama anavyonunua vocha. Ndiyo mkaa wa kopo, ila wa gesi! Mwaka 2020 teknolojia ile ilinunuliwa na kampuni ya Uingereza kwa dola milioni 25, na soko lake kubwa likaenda kukuzwa Nairobi. Sisi tukabaki na foleni ya mitungi ya bure. Kama mnataka kutumia pesa za Paris, gesi ya kupima kwa kila mpangaji wa Manzese ndiyo mahali pa kuanzia, na si kodi juu yake.

Bado kuna mwenye nyumba anayekataza jiko la umeme kwa sababu LUKU ni moja. Kuna waya za nyumba ambazo zikibeba jiko la umeme zitaungua. Kuna mama ntilie anayepikia kando ya ujenzi, leo Kinondoni kesho Kigamboni, asiye na pa kufungia mtungi usiku. Hawa hawajaguswa na mkakati wenye kurasa nyingi, na hawatahesabiwa mpaka mtu awahesabu.

Kijana, watakuja tena mtaani kwako, maana uchaguzi hauishi, ukipita mmoja kuna wa mtaa, na mwingine wa marudio. Mmoja wao atasimama jukwaani aseme atalinda mazingira, na utapiga makofi kwa sababu neno lenyewe ni zuri. Kabla hujapiga, muulize anapikia nini nyumbani kwake na anakijaza kwa shilingi ngapi. Muulize bei ya kopo la mkaa kwa muuza mkaa aliye karibu na jukwaa lake, leo, siyo ya mwaka jana. Akiipatia, muulize vizuizi vingapi viko kati ya Kisarawe na Buguruni, na kila kimoja kinaandika risiti ya nani. Mwache ajibu hadharani, kipaza sauti kikiwa wazi, na yule kijana wa baiskeli akiwa amesimama mstari wa mbele.